Wakisema "Maji", Usikimbilie Ndoo



Leo siasa na mpira naviweka pembeni. Kuna swali ambalo vijana wenzangu wenye kamera, na zaidi wenye simu, wananiuliza mara kwa mara: shindano la picha limetangazwa, mada imetoka, sasa nipige nini?

Kwa mtazamo wangu swali lenyewe ndilo linalotuangusha. Ukishauliza "nipige nini" tayari umeigeuza mada kuwa karatasi ya kwendea sokoni. Wamesema maji, basi natafuta maji. Wamesema kazi, natafuta mtu anayetokwa jasho. Wamesema tumaini, natafuta mtoto anayecheka au jua linalochomoza. Picha inatoka safi kabisa, imetulia, rangi zimekolea, halafu mtu hasikii chochote mpaka washindi wanatangazwa. Hapo anaanza kulalamika kwamba mashindano haya ni ya kujuana.

Kujuana kupo, sikatai. Ila mara nyingi sababu ni nyepesi zaidi: jibu lake lilishatolewa na wengine kibao kabla yake.

Hoja yangu ni hii. Mada ya shindano siyo kitu unachotumwa ukakitafute. Ni swali unaloulizwa, na wanaokuuliza wanataka jibu lako wewe, kutoka hapo ulipo. Ngoja nieleze taratibu, na nitatumia mifano ya kweli ili msidhani napiga porojo.

KWA NINI NDOO YAKO HAIONEKANI

Hebu kaa kwenye kiti cha jaji. Mada ni maji. Picha ya kwanza inafunguka: msichana kabeba ndoo kichwani. Ya pili: tone linadondoka kwenye koki. Ya tatu: mtoto anakunywa kwa viganja. Ya nne: ndoo tena, safari hii ya bluu. Ya tano: ndoo, jua linazama nyuma yake. Baada ya nusu saa huyu jaji hazioni tena ndoo, anabonyeza tu kwenda mbele.

Sisemi picha hizo ni mbaya. Nyingine ni nzuri sana. Tatizo ni kwamba zinashindana zenyewe kwa zenyewe. Ili ndoo yako ishinde inabidi iwe ndoo bora kuliko ndoo zote, na hapo ndipo mwenye kamera ya mamilioni anakupita wewe mwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kwenye usafi wa picha hutamweza. Kwenye wazo mnalingana, manake wazo haliuzwi dukani Kariakoo. Ndiyo sababu naona suala hili linatuhusu sisi tusio na vifaa kuliko linavyowahusu wenye navyo.

TUZO YENYE NENO MOJA

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu uko mbali kidogo, Ulaya. Kuna tuzo ya picha inaitwa Prix Pictet. Ilianzishwa mwaka 2008 na benki ya Pictet ya Geneva, Uswisi, na mshindi anapewa faranga za Uswisi 100,000. Huwezi kujipeleka mwenyewe, kuna watu maalumu wanaopendekeza majina. Kwa hiyo siwaambii mkashiriki. Nawaambia mkatazame, kwa sababu kila awamu inapewa mada ya neno moja tu. Ukiwafuatilia washindi ni kama umepata darasa la bure.

Awamu ya kwanza, 2008, neno lilikuwa "Maji". Mimi na wewe tungeenda ziwani. Aliyeshinda ni Benoit Aquin wa Canada, na picha zake zilikuwa za vumbi. Ndiyo, vumbi! Alikwenda kaskazini mwa China, kwenye maeneo ambayo malisho na kilimo vya kupita kiasi vimeimaliza ardhi na maji yamenyonywa mpaka nchi inageuka jangwa. Watu wanatembea kwenye ukungu wa rangi ya udongo. Kwenye picha hizo unaisikia kiu kooni bila kuonyeshwa hata glasi moja. Alijibu swali la maji kwa kuonyesha yanapoondoka.

Mwaka 2009 neno likawa "Ardhi". Mshindi, Nadav Kander, akapeleka mto! Aliufuata mto Yangtze wa China, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 6,000, kutoka unapoingia baharini kurudi nyuma mpaka unapoanzia. Ukitazama picha zile unaona madaraja makubwa ya zege ambayo mengine bado yanajengwa, na chini ya nguzo zake watu wadogo kama sisimizi wanakula, wanavua, wanakaa tu. Nchi nzima inabadilishwa sura na wale watu wanabaki wanashangaa. Kwa hiyo mada ya maji ilichukuliwa na ardhi iliyokauka, na mada ya ardhi ikachukuliwa na mto.

Mwaka 2015 mada ilikuwa "Vurugu". Wengi wetu tungewaza mabomu ya machozi na maandamano. Valérie Belin wa Ufaransa alikaa ndani na kurundika vitu vya plastiki vya bei rahisi, vile vya madukani ambavyo tunanunua leo na kutupa kesho, akavipiga picha kama wachoraji wa zamani walivyokuwa wakichora matunda mezani. Vurugu yake ni ya vitu tulivyojijazia wenyewe. Akashinda.

Sasa huu wa mwisho ndio naupenda zaidi. Mwaka 2019 neno lilikuwa "Tumaini". Mshindi alitoka Afrika, Joana Choumali wa Ivory Coast, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuichukua tuzo hiyo. Machi 2016 magaidi walishambulia mji wa ufukweni wa Grand-Bassam, karibu na Abidjan, watu wakauawa. Wiki tatu baadaye dada huyu akaenda pale na simu yake. Hakupiga damu wala majengo yenye matundu ya risasi. Alipiga watu wanaotembea peke yao, waliokaa kimya, mitaa iliyopooza. Halafu akazichapa zile picha kwenye kitambaa, akachukua sindano na nyuzi za rangi, akaanza kudarizi juu yake, mshono mmoja mmoja. Kazi hiyo akaiita "Ça va aller", maneno ambayo watu wa kwao huyasema kila jambo linapokuwa gumu, kama sisi tunavyosema "yatapita tu".

Zingatia mambo mawili hapo. Alitumia simu. Na tumaini lake halina mtoto anayecheka wala jua linalochomoza, lina mkono unaoshona mahali palipochanika.

Nisiwe mchoyo wa ukweli lakini. Jibu la moja kwa moja nalo linaweza kushinda. Mwaka 2014 mada ilikuwa "Matumizi", yaani ulaji wa dunia ya leo, na Mjerumani Michael Schmidt alishinda kwa picha za chakula. Chakula tu! Ila alilifuata jambo lake kwa miaka, akaonyesha jinsi chakula cha Ulaya kinavyotengenezwa kiwandani na kufungwa mpaka huwezi tena kujua kilitokana na mnyama au mmea gani. Kwa hiyo siyo lazima upindishe mada. Ukienda nayo moja kwa moja, basi nenda mpaka mwisho wa njia, usiishie mlangoni.

KISWAHILI NI MTAJI, TUUTUMIE

Mashindano mengi mada zake zinakuja kwa Kiingereza. Wengi tunaona huo ni mzigo. Mimi naona ni bahati, kwa sababu neno moja la kwao likifika kwetu linapasuka vipande, na kila kipande ni mlango.

Chukua "Earth", hiyo aliyoshinda Kander. Kwetu ni dunia, ni ardhi, ni udongo. Dunia ni jambo moja. Ardhi ni kesi ya mirathi, ni jiwe la mpaka, ni bango la "hauzwi" kwenye kiwanja. Udongo ni mfinyanzi, ni tofali, ni kaburi. Hapo tayari una picha sita na hujatoka kitandani.

Au "Power", ambayo ilikuwa mada ya tuzo hiyohiyo mwaka 2012. Nguvu, umeme, madaraka. Mpiga picha Mmarekani Mitch Epstein alitumia utata wa neno hilo vizuri sana. Kazi yake "American Power" inaonyesha mitambo ya umeme ikiwa imeinuka nyuma ya nyumba za watu wa kawaida, na unapoitazama hujui anakuonyesha umeme au ubabe. Ni vyote. Kazi hiyo ilishinda Prix Pictet mwaka 2011, na mada ya awamu ile haikuwa "Power", ilikuwa "Ukuaji".

Kuna shindano la Wiki Loves Africa, nitalirudia chini, mwaka 2019 mada yake ilikuwa "Play". Kila mtu alifikiria watoto na mpira wa makaratasi. Lakini mwulize mama yako anasemaje akisema "nacheza mchezo". Anazungumzia upatu! Akina mama kumi wanachanga kila wiki, mmoja anapokea, wiki ijayo mwingine. Picha ya mkono unaohesabu noti juu ya kanga, daftari pembeni, kichwa cha habari "Mchezo"... Kwa mtu wa nje ni jambo jipya kabisa na kwetu ni Jumapili ya kawaida.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla hujagusa kamera: andika neno la mada katikati ya karatasi, lizungushie maneno yote ya Kiswahili yanayolifaa, methali zake, misemo yake, mpaka matusi yake kama yapo. Halafu anza kuyakata.

TUFANYE ZOEZI: MAJI, HAPA DAR

Tusiishie kwenye nadharia. Tuseme mada ni maji na wewe unakaa Dar es Salaam. Mimi najiuliza maswali matano, na naomba uyajaribu.

La kwanza: kisipokuwepo, kunakuwaje? Hili ndilo swali la Aquin. Maji ya jiji letu kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu. Oktoba 2022 mto ulipopungua tuliingia kwenye mgao. Koki kavu haina kitu cha kupiga, lakini nyumba yenye koki kavu inacho: vyombo vya jana vimepangwa chini, ndoo tupu zimewekwa foleni badala ya wenyewe, saluni imefunguliwa na haina mteja wa kuoshwa nywele.

La pili: kikizidi, kinaacha alama gani? Nenda bonde la Msimbazi baada ya mvua kubwa. Usipige mafuriko, kila mtu kayapiga. Subiri maji yaondoke, utaona mstari wa matope ukutani, uko kwenye usawa wa kifua cha mtu mzima. Mwombe mwenye nyumba asimame pembeni yake. Picha imeisha hiyo, na mtazamaji atapima mwenyewe.

La tatu: nani anakibeba, na uzito wake unakwenda wapi? Dumu la lita 20 ni kilo 20. Kwenye mkokoteni wa muuza maji yanaingia mengi. Wote tunapiga mkokoteni. Umeshawahi kutazama mikono ya yule jamaa ilivyo akishautua? Au kandambili zake?

La nne: nani analipa? Hapa nitawapa mfano nilioushuhudia. Kuna onyesho dogo la picha nilikwenda hapahapa mjini, la shindano la taasisi fulani, mada ikiwa hiyohiyo ya maji. Ukuta mzima ulikuwa ndoo. Kwenye kona kulikuwa na picha ya daftari. Daftari la muuza maji, limelowana pembeni, kurasa zina vijistari vya kalamu, kila kijistari dumu moja la mkopo. Kidole gumba cha mwenye daftari kimeyafunika majina ya wadaiwa. Hakuna tone la maji kwenye picha ile. Aliyeipiga alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne, kwa simu. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami akaanza kuhesabu vijistari kwa sauti, alipofika ishirini na kitu akasema, "Huyu kanizidi mimi." Watu wakacheka, halafu mjadala ukaanza: bei, mita, mwenye bomba, mwenye nyumba. Picha ile haikushika nafasi ya kwanza, ilishika ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ndoo. Lakini sikumwona mtu hata mmoja akijadiliana mbele ya ile ndoo.

La tano: historia inasemaje? Sisi tuna vita iliyopewa jina la maji! Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wazee wetu wa kusini walipambana na Wajerumani wakiamini dawa ya maji itawakinga na risasi. Songea kuna makumbusho ya vita hivyo. Mtu wa Songea akipewa mada ya maji anaweza kwenda pale badala ya kwenda bombani, na jibu lake litakuwa zito kuliko mito yote.

Maswali matano, na sijataja lenzi hata moja. Mwanga, utulivu wa mkono, mpangilio, vyote hivyo ni vya lazima, ila vinakuja baada ya kujua unataka kusema nini.

UKIRUKA SANA UTAANGUKA

Sasa tahadhari. Kuna ndugu zetu wakisikia "ubunifu" wanapaa mpaka hawaonekani. Ukisema mada ni maji, mtu analeta picha ya shangazi yake amekaa sebuleni. Ukimwuliza maji yako wapi anakujibu, shangazi ana rangi ya maji ya kunde. Hapo umetunga kitendawili na unamlazimisha jaji kukitegua. Hatakitegua, atabonyeza kwenda mbele.

Kipimo changu ni rahisi. Mwonyeshe mtu picha bila kumweleza kitu, mtajie mada tu. Akisema "ahaa" ndani ya muda mfupi, umepatia. Akikosa kuelewa kabisa, umeenda mbali. Na akisema "ndiyo, ni maji" kabla hata hajaitazama vizuri, umekaa karibu mno. Picha nzuri inampa mtu hatua moja ya kuruka mwenyewe.

Maelezo ya picha yanasaidia, ila yasifanye kazi yote. Andika nani, wapi, lini, na jambo moja ambalo macho hayawezi kuona. Mfano: "Daftari la madeni la muuza maji. Kila mstari ni dumu la lita 20." Inatosha. Usiandike "picha hii inaonyesha uchungu na mateso ya jamii". Uchungu kama upo tutauona.

UBUNIFU SIYO UONGO

Hili naliweka peke yake kwa sababu ndilo linalowaponza hata wakubwa. Kutafsiri mada ni kuchagua mahali pa kusimama na kitu cha kutazama. Siyo kutengeneza tukio halafu ukadai umelikuta.

Mwaka 2009 picha ya mbwa mwitu anaruka lango la shamba usiku ilishinda shindano kubwa la picha za wanyamapori, lile linaloandaliwa na makumbusho ya Natural History Museum ya London. Ilikuwa picha kali kwelikweli. Januari 2010 ushindi ukafutwa, kwa sababu waandaaji waliona kuna kila dalili kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa, na masharti yalikataza.

Siku hizi kuna akili mnemba, unaandika maneno mawili inakutolea picha. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alichaguliwa mshindi katika kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards, akaikataa tuzo na kueleza kwamba picha yake ilitengenezwa na akili mnemba. Alitaka watu wajadili jambo hilo, na kweli walijadili. Funzo kwetu: majaji wanaweza kudanganyika, ila heshima yako haiko kwenye kudanganya. Soma masharti yanasema nini kuhusu kuhariri, tunza faili halisi kama lilivyotoka kwenye simu, kwa sababu wanaweza kulidai.

YULE MTOTO WA NDOO NI WA NANI?

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, manake kwangu hili ni kubwa kuliko zawadi.

Picha ya mtoto mwenye ndoo imepigwa mara nyingi sana, na wa kwanza kuipiga hivyo hatukuwa sisi. Tumeizoea kwenye kalenda za wafadhili na mabango yao mpaka sisi wenyewe tukiambiwa "maji" tunaikimbilia. Yaani tunautazama mtaa wetu kwa macho ya mtu aliyeshuka kwenye gari kwa dakika kumi! Wewe unakaa hapo. Unajua yule mtoto anaitwa nani, anasoma wapi, na kwamba akishatua ndoo anakwenda kuangalia katuni kwa jirani. Unajua nani anamkopesha mama yake dumu na nani anamkatalia. Mgeni hajui. Ukipiga picha ya mgeni umeitupa silaha yako pekee.

Na yule mtoto naye ana haki zake. Umemwomba mzazi wake? Umemwambia picha itakwenda wapi? Angekuwa mdogo wako, ungependa watu wamwone hivyo? Binti wa lile daftari alinieleza kwamba muuza maji alikubali kwa sharti moja tu, majina yasionekane, ndiyo maana kidole kikawekwa pale. Kile kidole ndicho kilichoifanya picha iwe nzuri. Heshima haikuharibu ubunifu, iliuongezea.

PA KUANZIA

Kwa anayetaka kujaribu au hata kutazama tu, lipo hilo Wiki Loves Africa. Lilianza mwaka 2014 na linaendeshwa kupitia Wikimedia Commons, ghala la picha ambalo Wikipedia inalitumia. Mada zake zimekuwa za maisha yetu: 2014 vyakula, 2017 watu wakiwa kazini, 2020 usafiri na safari, 2022 nyumba na makazi. Picha zilizoshinda ziko wazi. Chukua mwaka mmoja, jiulize wewe ungepiga nini, ndipo ufungue uone washindi walipiga nini. Zoezi hilo halina gharama zaidi ya bando.

Ila jambo moja: picha unazopakia kule unazitoa kwa leseni huria, maana yake mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia akitaja jina lako. Kwa lengo lao ni sawa. Kwa shindano lolote lingine, soma kipengele cha haki kabla hujabonyeza. Wapo wanaotangaza zawadi moja na kubeba picha za washiriki wote, za walioshinda na za walioshindwa.

Nimeandika kirefu, mnisamehe, jambo lenyewe halifupishiki. Sasa zamu yenu. Nawapa neno moja: "NYUMBANI". Msiniletee nyumba. Mniandikie hapo chini kwa sentensi moja, wewe kwenye mtaa wako ungepiga picha ya nini, na kwa nini. Wale wa Mombasa, Bujumbura, Muscat na popote mlipo nanyi mnahusika, manake neno hilo kwenu mlio mbali lina uzito wake.

Kama hukubaliani nami, mwaga sera. Matusi hapana.